Mpishi Asiyeonja Mayonezi

Ukimwamkia Mpishi akiwa anakoroga mayonezi, hakuitikii. Uwe mjukuu, uwe shehe, uwe askari umekuja na pingu. "Shikamoo!" Kimya. Mwiko unazunguka. Wageni wengi waliondoka uani kwetu wamenuna, wanasema mzee yule ana kiburi cha Wazungu aliowapikia. Lakini mayonezi ikishashika, ikasimama ndani ya bakuli haitikisiki, Mpishi aliweka mwiko chini, akajifuta mikono, akatoka na makubadhi yake kumtafuta aliyemwamkia. Siku moja alimfuata mama muuza maandazi mpaka sokoni. Akamkuta ameshapanga biashara yake, watu wamemzunguka, akawapenya na kumwambia kwa sauti: "Marahaba!" Yule mama akaduwaa. Alikuwa ameamkia alfajiri, na sasa jua lilikuwa linachoma visogo.

Sisi tulimwita Mpishi, basi. Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, sikumwuliza. Nilimkuta mzee tayari, mrefu, mkavu kama kuni, amepanga vyumba viwili katika ua wetu, Gongoni, mjini Tabora. Kabla ya Uhuru alimpikia mkubwa mmoja wa reli, Mzungu. Mzungu alipofunga mizigo akaenda kwao, Mpishi alibaki na koti jeupe la kitambaa cha dril, mwiko wa mninga, na kichwa kilichojaa vyakula ambavyo mtaa mzima hakuna aliyevijua. Akapata kazi katika nyumba ya wageni karibu na stesheni, ndiko walikofikia wakubwa wapya, wetu sasa, weusi kama mimi. Vya kuchemsha na kukaanga alivipika hukohuko. Mayonezi, siki, siagi, achari na mkate alivitengeneza uani kwetu. Alisema jiko la nyumba ya wageni lina midomo mingi kuliko sufuria.

Mimi nilikuwa mke wa mtu wa reli. Leo mume wangu yuko Kigoma, kesho Mpanda, nyumbani anapita kama mgeni. Nilisoma madrasa na madarasa mawili ya shule, nikaolewa. Mimba mbili zilikuwa zimetoka. Ya tatu ilikuwa tumboni mwaka ule nilipoanza kumsaidia Mpishi. Nasema mapema ili isije ikafichika: habari ya Mpishi na mimi ni habari ya mtoto huyo, na ya mayai.

Mayonezi yenyewe haina maajabu. Viini vya mayai, mafuta ya karanga, ndimu au siki, chumvi. Anayekwambia kuna siri nyingine anataka kukuuzia kitu. Taabu iko mkononi. Mafuta tuliyakamua wenyewe: karanga unazikaanga kidogo, unazitwanga mpaka ziwe kama udongo wa mfinyanzi, unazikanda na maji ya moto kidogo kidogo, mkono unauma hadi begani, unataka kuzitupa, na hapo ndipo mafuta yanapojitenga. Halafu viini vikorogwe upande mmoja tu, na mafuta yaingie tone moja moja. Ukimwaga, imekatika. Mafuta huku, yai kule, kama mume na mke waliogombana chumba kimoja.

Kazi ile ilitaka mikono minne. Mpishi alichonga mfereji mwembamba ubavuni mwa kizibo cha chupa, mafuta yakawa yanatoka kwa matone. Mimi nashika chupa, yeye anakoroga. Tulianza baada ya sala ya alfajiri, kabla jua la Tabora halijapata nguvu, bakuli tumelikalisha ndani ya beseni la maji ya mtungi. Mdomo wake hauitikii salamu, ila kunigombeza mimi uliruhusiwa.

"Manyunyu, bibie. Manyunyu! Hii unanimwagia masika."

"Mkono umechoka, mzee."

"Umechoka na nini? Kuku ndiye aliyefanya kazi."

Kuku aliwafuga mwenyewe, na kila mmoja alimpa jina la stesheni. Asubuhi utamsikia akiongea nao bandani kwa adabu kubwa kuliko aliyotupa sisi: "Kaliua, hujambo mama? Malongwe leo kanuna. Itigi, mbona jana hukuleta kitu?" Watoto wa mtaa walikuja kumsikiliza wakaishia kucheka mpaka wanaanguka. Yeye hakujali. Nyama ya kuku hakula kamwe. Alisema hawezi kumla mtu anayefanya naye kazi.

Na mayonezi hakuonja. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote. Mtu anaitengeneza kila siku ya Mungu, anajua kwa jicho imefika wapi, anajua kwa sikio, maana mwiko ukizama sauti yake inakuwa nzito, lakini kutia mdomoni, hapana.

"Yai bichi?" aliniambia. "Mimi si nyoka."

Wakati wa Mzungu, mke wa Mzungu ndiye aliyekuwa akija jikoni kuonja. Sasa hayupo. Nyumba ya wageni walianza kurudisha bakuli: leo chumvi imezidi, kesho ndimu imezidi. Mpishi alijaribu kukadiria, akashindwa. "Chumvi haina sauti," alilalamika. Akawa anatafuta ulimi wa kuazima. Wanawake wa uani walikimbia, mmoja akatapika kwa kutazama tu. Mimi nikasema, lete hapa.

Mimba ile ilinitapisha kila kitu. Ugali natapika, wali natapika, harufu ya chai ya jirani natapika. Kile kijiko cha mayonezi kilipoteremka, kikakaa. Nikasubiri. Kikakaa tu, kimetulia kama paka. Nikamwambia Mpishi ndimu bado. Akatia. Nikalamba tena. Chumvi sasa. Akatia. Nikalamba tena, na cha nne nililamba bila sababu. Kuanzia siku ile nikawa ulimi wake, na nyumba ya wageni hawakurudisha bakuli tena.

Alijua lini kwamba nina mimba? Alichelewa. Wanaume wa umri wake hawakumtazama mke wa mtu kiunoni. Siku moja akasema, macho yake yako kwenye bakuli:

"Bibie, nguo zako zimebana."

"Nimenenepa, mzee. Chakula chako hicho."

"Sijaona mtu akinenepa mbele tu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaweka kijiko mbali nami.

"Wazee wako wanasemaje juu ya mwanamke wa hali yako na mayai?"

Nilijua vizuri wanasemaje. Mama mkwe wangu, mtu wa vijijini huko Nzega, alinionya tangu wiki ya harusi: mwenye mimba hali yai. Akila, mtoto anatoka kichwa kitupu, hakina unywele, kama yai lenyewe, au hatoki akiwa hai. Na bibi yangu mzaa mama, hapahapa mjini, alisema vilevile. Mimi nilikuwa nimepoteza wawili bila kugusa yai, nikajiuliza, sasa hao waliuawa na nini? Na mate yalishajaa mdomoni.

"Wazee wangu ni watu wa mjini," nikasema. "Wanakula tu."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Niliapa. Mungu anisamehe, niliapa kwa ajili ya kijiko. Mpishi akanirudishia kile kijiko, na kuanzia hapo akawa ananiwekea na kipande cha mkate.

Mkate wenyewe aliuoka kwenye sufuria, makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Sikuwahi kuona mkate mzuri kama ule hata katika maduka ya Waarabu. Siagi aliipata kwa wanawake wafugaji wa upande wa Igunga, wale wanaotikisa maziwa katika kibuyu. Aliniambia yule Mzungu wa reli alikuwa akijisifu kwa wageni wake kwamba siagi ya mezani kwake haina mfano, lazima imetoka Ulaya kwa meli. Mpishi amesimama nyuma ya kiti na koti lake jeupe, kimya, anajua imetoka katika kibuyu cha mama mmoja aliyeketi chini pale stesheni na mtoto mgongoni.

Siki aliifanya kwa asali. Masega yaliyokwisha kukamuliwa anayaosha kwa maji, yale maji matamu anayaweka mtungini, anafunika kwa kitambaa, anayaacha wiki kadhaa pembeni mwa jiko. Harufu ilisambaa. Shehe wa msikiti wetu akaja kunusa, uso ameukunja.

"Mpishi, hii siyo pombe?"

"Ilikuwa inapita njia hiyo, shehe. Sasa imeshavuka."

Shehe akaonja kwa ncha ya kidole, akakaza macho, akaondoka na chupa.

Achari aliitengeneza kwa maembe machanga ya ile miembe waliyoacha watu wa misafara zamani, barabara ya zamani ile. Sosi ya nyanya, jemu ya mapera, yote nilijifunza nikiwa nimeketi kwenye kigoda chake, tumbo linakua. Na acha nijisifu, sina mwingine wa kunisifu. Miaka ilipokuja ya kupanga foleni kwa chupa ya mafuta na kipande cha sabuni, wenzangu walilala nje ya duka la ushirika. Mimi nilikuwa na karanga zangu, kinu changu, mtungi wangu wa siki. Watoto saba nimewalisha, na hakuna aliyejua kwamba kuna kitu kimeadimika dukani mpaka walipokwenda kula kwa majirani. Leo wajukuu wananiletea mayonezi ya kopo. Nimeionja. Tamu kama dawa ya kikohozi. Nikawaambia waitumie kulainisha bawaba za mlango.

Huyu Mpishi alikuwa na mambo yanayogongana. Aliwasema Wazungu kutwa nzima, uchoyo wao, mbwa wao waliolala ndani, lakini lile koti la dril alilipiga pasi kila Ijumaa na kulivaa Idd. Aliwapikia watu vitu vya ajabu, yeye mwenyewe akala ugali wa mtama kwa mlenda, kila jioni, mwaka mzima. Mkubwa mmoja mpya wa serikali alifikia nyumba ya wageni. Akaandaliwa sahani: samaki baridi, viazi, mayonezi pembeni. Akaita, "Ugali hakuna?" Akaletewa. Akakata tonge, akachovya kwenye mayonezi, tonge kwa tonge, mpaka bakuli likang'aa. Mpishi alirudi nyumbani amekasirika, hata kuku hakuwasemesha. Jioni nikamsikia anacheka peke yake chumbani.

"Nini, mzee?"

"Basi ndiyo Uhuru wenyewe, bibie. Mtu anachovya anapotaka."

Sasa nifike kwenye lile nisilopenda.

Mimba ilikuwa ya miezi saba mama mkwe alipotokea bila taarifa. Alikuja na basi la asubuhi, kikapu cha nsansa kichwani, yale majani makavu ya kunde wanayokula kwao, na jogoo kwapani. Akanikuta na kijiko mdomoni.

"Unakula nini?"

"Sosi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sosi ya nini?"

Nilikuwa natafuta neno. Binti wa chumba cha pili, msema kweli asiyeulizwa, akadakia: "Ya mayai mabichi, bibi! Anakula kila siku."

Mama mkwe hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alitua kikapu chini, akamkabidhi yule binti jogoo, akamwendea Mpishi, ambaye alikuwa bado anakoroga bakuli la pili.

"Wewe mzee ndiye unayemlisha mkamwana wangu mayai?"

Kimya. Mwiko unazunguka.

"Nakuuliza wewe! Wajukuu zangu wawili wako chini ya udongo. Huyu wa tatu unamtafutia shimo?"

Mwiko ukazunguka mara moja, mara mbili, ukasimama. Miezi yote ile nilikaa naye, sikuwahi kuuona unasimama kabla ya wakati. Mayonezi ikaanza kukatika mbele ya macho yetu, mafuta yanapanda juu, njano, mabaya. Hakuyatazama. Alinitazama mimi.

"Alisema kwao wanakula," akasema polepole. "Aliapa."

Mama mkwe akageuka. Wote wawili wananitazama. Uani pamejaa watu, kila mlango una kichwa. Kusema "ndiyo, niliapa" lilikuwa jambo la pumzi moja tu. Sikusema. Nilitazama miguu yangu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na moja, niliogopa kurudishwa kwetu, na nilimwachia mzee yule mzigo akiwa amesimama na mwiko mkononi.

"Na uongo pia," mama mkwe akamwambia. Akanishika mkono, akaniingiza ndani. Kesho yake alfajiri tulikuwa kwenye basi la Nzega.

Miezi ile miwili nililala kwa upande mmoja nikihesabu mateke. Mtoto akinyamaza kidogo, nasema basi, kijiko kimefanya kazi yake. Sikuweza kumwambia mtu. Mama mkwe alinichemshia majani, akanifunga hirizi, akanitazama kila asubuhi kama mtu anayetazama mawingu. "Mwangaluka," ananiamkia kwa Kinyamwezi, na macho yake hayako usoni kwangu, yako tumboni.

Siku ilipofika, ilikuwa jua la mchana. Nakumbuka sikusikia kwanza kilio cha mtoto, nilisikia kilio cha mama mkwe. Nikajua mtoto amekufa. Nikafumba macho. Kumbe mama mkwe alikuwa ameingiza mikono, kitovu hakijakatwa, damu kila mahali, anapapasa kichwa.

"Nywele! Jamani, nywele! Nywele mpaka kwenye masikio!"

Ndipo na mtoto akalia, kwa hasira, kama anayedai kwa nini wanazungumza habari za nywele na yeye ana baridi. Msichana. Nikacheka. Mama mkwe akakaa chini sakafuni, miguu ameinyoosha kama mtoto, akacheka na yeye mpaka akashika mbavu. Tukamwita Zuhura. Usiku wa saba mama mkwe akanisogelea, akaninong'oneza: "Yale mayai yalikuwa ya kuku gani?"

"Mmoja anaitwa Kaliua, mama."

"Kaliua," akasema, akatikisa kichwa kwa heshima.

Niliporudi Gongoni na mtoto mgongoni, vyumba viwili vya Mpishi vilikuwa vitupu. Banda halina kuku. Majirani walisema aliondoka asubuhi moja, hakuaga, hakusema anakwenda wapi, na nyumba ya wageni pia hawajui. Nikajiambia amekasirika kwa sababu nilimwaibisha, na ana haki. Sikumtafuta. Huo ndio ukweli, aibu ilinifaa kama kisingizio. Mwaka ukapita, mwingine ukapita, nikazaa wengine, na kila mimba nilikula mayai hadharani.

Kisha ikaja miaka ya vijiji. Watu wakahamishwa, nyumba zikapangwa mistari, mashamba ya pamoja. Dereva mmoja wa lori, rafiki wa mume wangu, alikuwa akipeleka mbegu vijijini upande wa Isikizya. Siku moja anakula kwangu, akamega mkate wangu, akautazama.

"Shemeji, mkate kama huu nimeula kijiji kimoja huko. Kuna mzee anawapikia watu wa shamba la kijiji. Ugali anasonga kwenye pipa, lakini mkate wake, we acha! Ila ana mambo. Yai hagusi. Ukimletea yai anaondoka jikoni. Anasema mkono wake umeua mtoto wa jirani yake Tabora."

Niliinuka, nikamwacha na mkate wake.

Mama mkwe wakati huo alikuwa anaishi kwangu, macho yamefifia, ulimi bado mzima. Nikamwendea.

"Mama, ulipokuja kuchukua vyombo vyangu kabla sijajifungua, ulionana na Mpishi?"

"Nilionana naye. Alinisimamisha mlangoni. Anauliza mtoto vipi, hanitazami, mwanaume mzima anauliza mambo ya wanawake."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia, mtoto gani? Si umemlisha mayai?"

"Basi?"

"Basi. Akaingia ndani. Nikachukua vyombo." Akafikiri kidogo. "Mtoto alikuwa hajazaliwa bado. Nilikuwa na hasira."

"Mama, mzee wa watu anajua Zuhura alikufa."

Akasugua magoti. "Mpeleke," akasema. "Mpeleke kesho."

Tulikwenda na lori la yule yule dereva, mimi na Zuhura, amekaa juu ya magunia, miguu mirefu haina pa kuiweka, yuko darasa la sita. Njia nzima nilimweleza. Nilimweleza na kiapo changu, sikuficha. Akanisikiliza, kisha akasema, "Mama, wewe!" basi, na mimi nikaona ni haki yangu.

Tulimkuta katika jiko la kijiji, banda la nyasi, moshi, pipa la maharage. Amepinda mgongo, ndevu nyeupe, lakini mwiko ameushika vilevile, kwa vidole vitatu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akanitazama kupitia moshi. Nikaona ananijua, na nikaona anatamani asingenijua. Akaweka mwiko chini. "Wewe ni mke wa mtu wa reli."

"Ndiye mimi."

"Bibie, nilikukosea. Miaka yote hii nilitaka kuja kusema. Miguu haikunipeleka."

"Hukunikosea, mzee. Mimi ndiye niliyekukosea. Nilikuapia uongo, na walipokusimanga nikanyamaza. Na mtoto hakufa."

"Mtoto gani?"

"Huyu."

Zuhura akapiga goti. "Shikamoo, babu."

Hakuitikia. Akamtazama miguuni, akapanda taratibu mpaka kichwani, nywele zimesukwa mabutu manene. Akanigeukia.

"Huyu ni mwingine. Umezaa mwingine."

"Ni huyo huyo, mzee. Wa tumboni. Alizaliwa na nywele mpaka masikioni, mama mkwe akalia kwa furaha. Hakuna aliyekuletea habari. Mimi sikukuletea habari."

Akavuta kinu kilichokuwa karibu, akakiegemea.

"Unaumwaumwa?" akamwuliza Zuhura, sauti ndogo.

"Siumwi, babu."

"Hata kidogo? Kichwa? Macho?"

"Mwaka jana nilipata malaria."

Mpishi akashtuka, akanitazama.

"Mbu, mzee!" nikasema. "Malaria ni ya mbu! Yai halikumgusa!"

Hapo akaanza kucheka. Kicheko kilitoka kwa shida, kikaganda, kikatoka tena, kikamgeuka kilio katikati, kisha kikawa kicheko tena. Mwanamke aliyekuwa akiosha masufuria akaja mbio akidhani mzee amekabwa na moshi. Mpishi akajifuta uso kwa mkono mzima, kama anayenawa, akasimama, akamshika Zuhura mkono.

"Njoo."

"Mzee, maharage!" yule mwanamke akapiga kelele. "Yataungua!"

"Yaungue."

Nilidhani anampeleka kumpa maji. Alimpeleka nyumba ya kwanza ya mstari. Akabisha. Mama wa nyumba akatoka na unga mikononi.

"Huyu hapa," Mpishi akasema.

"Nani, mzee?"

"Yule niliyewaambia. Wa Tabora."

"Si ulisema alikufa?"

"Nilisema. Nilikosea. Mtazame."

Mama yule akamtazama, akapiga kofi la mshangao, akamwita mumewe. Tukaenda nyumba ya pili. Tukaenda ya tatu. Habari ilitutangulia, watoto wanakimbia mbele. Mzee mmoja kipofu akapapasa mkono wa Zuhura, akasema, "Marehemu gani huyu ana misuli hivi?" Watu wakaangua kicheko. Zuhura mwanzoni alijificha nyuma ya kanga yangu, kufika nyumba ya sita ameshazoea, anatangulia yeye kubisha: "Hodi! Shikamooni. Mimi ndiye." Mpishi nyuma yake, pumzi zinamkatika, hakubali kupumzika, hataki hata nyumba moja irukwe. Mimi nafuata wa mwisho, nimebeba fimbo yake ambayo amesahau kwamba anaihitaji.

Nyumba ya mwisho ilikuwa imefungwa. Wenyewe walikuwa shambani. Mpishi akabisha, akasubiri, akabisha tena.

"Hawapo, babu," Zuhura akamwambia.

"Naona."

Akausogelea ule mlango, akaweka kiganja juu ya ubao, akauambia kwa sauti kubwa: "Mzima!"